Bei ya Jicho la Kulia

Mapokezi ya hospitali ya serikali yalikuwa na madirisha manne, na kwa miaka ishirini na sita dirisha la tatu lilikuwa na karani mmoja. Jina lake lilikuwa kwenye kadi aliyoivaa shingoni, lakini hakuna aliyejisumbua kulisoma. Watu walimwita Kamilisha, kwa sababu hilo ndilo neno alilotumia kuturudisha nyumbani. Umepeleka karatasi yenye mwaka wa kuzaliwa lakini haina mwezi? Kamilisha kwanza. Barua ya rufaa ina muhuri, lakini muhuri umegusa saini? Ataigeuza, ataitazama tena, kisha ataisukuma polepole chini ya kioo kwa vidole viwili. Kamilisha kwanza. Hakuwa mkali, na afadhali angekuwa mkali, maana mtu mkali unaweza kugombana naye ukaenda zako umepumua. Huyu alikuwa mpole, shati limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni, ya bluu, nyeusi na nyekundu, na mwandiko mzuri kiasi kwamba manesi wapya waliitwa kuja kuuona.

Tangu ulipokuja waraka wa bei mbili, kazi yake kubwa ilikuwa kuamua nani ni nani. Mwenyeji alipewa kadi nyeupe, akalipa bei ya mwenyeji. Mgeni alipewa kadi ya njano, akalipa mara nne. Waraka ulieleza sababu zake kwa kurasa mbili: hospitali inaendeshwa kwa kodi ya wananchi, dawa hazitoshi, na nchi jirani nazo zinawatoza watu wetu vivyo hivyo. Ni sababu zinazoeleweka, na ukizisoma ukiwa mzima huoni ubaya wake. Kitu ambacho waraka haukusema ni jinsi karani atakavyomtambua mgeni mwenye sura ya shemeji yake na anayeongea kama yeye mwenyewe. Hapo ndipo Kamilisha alipojipatia sifa.

Alikuwa na kanuni yake. Hakuangalia sura, hakutega sikio kwenye lafudhi. Aliwafundisha makarani wapya kwamba mwenyeji huja mikono mitupu na hasira, na mgeni huja na karatasi zake zote ndani ya mfuko wa nailoni, tena husema asante kabla hajahudumiwa. Na ilikuwa kweli. Mtu akifika dirishani akaanza kulalamika kwamba yuko pale tangu alfajiri, kwamba yule wa mbele kaingia kwa ujanja, kwamba hili benchi linavunja watu viuno, Kamilisha alikuwa ameshavuta kadi nyeupe, na kitambulisho aliomba kutimiza wajibu tu. Lakini mtu akija taratibu, akasalimia vizuri, akauliza watoto wa karani hawajambo, huyo alikuwa amejichongea. Aliombwa kitambulisho, kisha cheti cha kuzaliwa, kisha cha baba yake. Mara chache sana Kamilisha alikosea, na kila alipokosea aliomba radhi kwa maandishi.

Sasa, hospitali nzima haikujua kwamba mke wa Kamilisha mwenyewe alikuwa mgeni.

Haikuwa siri, ilikuwa imesahaulika tu. Mama huyo alivuka mpaka akiwa na miaka ishirini, amekuja kumlelea mtoto dada yake aliyekuwa amejifungua. Akakutana na karani kijana wa ghala mwenye kalamu tatu mfukoni, na safari ya wiki sita ikawa ya miaka thelathini na mmoja. Mtaa ulimwita Fundi. Alishona sare za nusu ya manesi wa hospitali ile, alijua kiuno cha kila mmoja na alikuwa na adabu ya kutokitaja. Alijua nani hasemezani na nani, na ugomvi ulianza kwa sababu ya ukuta gani. Watoto wake watatu aliwazaa hospitalini hapo hapo, zamani kabla ya kadi za rangi, na mkunga hakumuuliza kitu zaidi ya kumwambia asukume. Kila baada ya miaka miwili aliamka mapema, akaenda peke yake ofisi ya uhamiaji kuongeza kibali cha kuishi, na kufikia saa sita alikuwa amerudi na mboga mkononi. Kazi ya asubuhi moja.

Uraia ndio ulikuwa na shida, kwa sababu uraia aliuchukua mumewe. "Niachie mimi," alimwambia mwaka wa kwanza wa ndoa. "Hiyo ndiyo kazi yangu." Laiti angeomba kuachiwa kupika.

Alileta fomu akaijaza kwa wino wa bluu, mwandiko wa kutundikwa ukutani, kisha akasoma maelezo ya nyuma na kuona wanataka wino mweusi. Akaleta nyingine. Safari hii picha ilikuwa na kasoro, maana maelezo yalitaka masikio yote mawili yaonekane, na sikio la kushoto la mkewe lilikuwa chini ya kitambaa. Picha mpya zilipopatikana, barua ya utambulisho ya mtaa ilikuwa imepitwa na muda. Barua mpya ilikuja na tarehe iliyokwaruzwa na kuandikwa juu yake. Usiku, au siku za Jumapili, Kamilisha aliketi mezani, akaifungua ile fomu kana kwamba imeletwa dirishani na mtu asiyemjua, akaikagua kuanzia juu mpaka chini, akachukua kalamu nyekundu, akaandika maoni pembeni na kufunga faili. Mara saba katika miaka thelathini na mmoja. Hakuna ofisa wa serikali aliyewahi kulikataa ombi lile, kwa sababu halijawahi kutoka nyumbani.

Mkewe alipouliza alijibiwa kwamba linafuatiliwa. Akauliza tena baada ya miaka mitatu, na tena baada ya mitano, halafu akaacha kuuliza. Kamilisha aliona hiyo ni dalili ya mke mwenye subira.

Halafu macho yakaanza.

Mwanzoni nesi mmoja alirudisha sare yake akicheka, mfuko umeshonewa ndani. Wiki iliyofuata koti likatoka na uzi wa bluu upande mmoja na wa kijani upande wa pili. Fundi alisema ni balbu. Balbu ikabadilishwa. Akasema ni uzi wa siku hizi, hauna rangi ya kueleweka. Mwishowe akashindwa kutunga sindano, na ikawa kila jioni Kamilisha akirudi kazini, kabla hajavua viatu, anamtungia sindano kumi na kuzichomeka kwenye kitambaa, tano za uzi mweupe na tano za mweusi. Hilo alilifanya kwa miezi minane na hakulalamika hata siku moja, na tusimnyime haki yake.

Daktari wa macho alimwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia limefunga karibu kabisa, la kushoto liko njiani. Alisema mpasuaji anakuja mwezi huo kwa wiki mbili na baada ya hapo ni mpaka miezi sita. Jicho la kulia lifanywe sasa, maana likizidi kukomaa litakuwa gumu kutoa. La kushoto lisubiri zamu ya pili. Fundi aliuliza kama atashona tena. Daktari akamwambia baada ya mwezi atatunga sindano mwenyewe, tena akiwa amesimama.

Jioni hiyo nyumbani kulikuwa na furaha, mpaka binti yao mkubwa, mwalimu, aliyekuja kuwatazama, alipouliza swali ambalo wazazi wake walikuwa wanalizunguka.

"Baba, mama atalipa bei gani?"

Kamilisha alisema wategemezi wa wafanyakazi wana punguzo lao. Binti akasema anajua, lakini je, masharti yanasemaje? Kamilisha aliyajua masharti kwa moyo, koma na nukta zake. Yalianza na neno "raia". Akaanza kupangusa miwani yake ambayo haikuwa chafu.

Fundi alikuwa na akiba yake. Kwa miaka mitano aliweka kidogo kidogo, apate kununua cherehani ya umeme, ile inayopiga pindo na kukata yenyewe, kwa sababu ya kukanyaga ilikuwa imeshamchosha magoti. Kwa bei ya mwenyeji, angefanya jicho na bado cherehani ingekuja. Kwa bei ya mgeni, akiba yote ingeingia kwenye jicho moja, na la pili lingebaki na Mungu. Fundi aliuliza tu kama binti atakunywa chai nyingine.

Kwa siku tatu Kamilisha hakula vizuri. Kazini aliwaruhusu watu wawili kupita bila mwezi wa kuzaliwa, na karani wa dirisha la nne akamuuliza kama anaumwa. Aliyepewa imani na watu hawezi kuilalia kama godoro, na huyu alikuwa hajawahi kumpendelea hata kaka yake, ambaye alimrudisha na homa akatafute kitambulisho. Lakini kila jioni alizitunga zile sindano kumi, na kila jioni alimwona mkewe akizipapasa kwa kidole gumba zisimchome. Siku ya nne, walipokuwa wawili tu jikoni, akamwinamia kama mtu anayetaka kuiba.

"Kesho njoo saa saba, wakati wa chakula cha mchana. Pita mlango wa nyuma. Nitakuandikia nyeupe."

Fundi aliacha kuosha kikombe. "Wewe?"

"Mimi."

"Mlango wa nyuma unapita takataka," mkewe alisema, akarudi kwenye kikombe chake. Kamilisha alilitafsiri hilo kama kukubali. Ukweli ni kwamba kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa hajajifunza kumsoma mtu ambaye hajajaza fomu.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, alipoinua kichwa dirishani, mkewe alikuwa wa tano kwenye foleni. Alikuwa ameingia mlango wa mbele, amevaa gauni lake la bluu, hana hata karatasi moja mkononi, na alikuwa analalamika. Alilalamika kwamba benchi lina mguu mmoja mfupi na limekuwa hivyo tangu mtoto wake wa kwanza. Alilalamika kwamba dirisha la nne limefungwa kwa sababu karani wake anakunywa chai, na kwamba chai hiyo imeanza jana. Foleni nzima ilikuwa upande wake. Nyuma yake alisimama mzee mmoja mtaratibu, mkono mmoja umebeba mfuko wa nailoni wenye karatasi, na kila Fundi alipotoa hoja, mzee alitabasamu na kusema pole mama.

Kamilisha aliona mkono wake ukivuta kadi nyeupe wenyewe. Kwa kanuni yake, hakujawahi kuonekana mwenyeji halisi kuliko yule mwanamke.

Zamu ilipofika, hakumuuliza kitu. Alishaijaza. Akaisukuma chini ya kioo kwa vidole viwili. Fundi aliichukua, akaisogeza karibu na jicho la kushoto, akaitazama kwa muda, na uso wake ukalainika. Mtu mwenye mtoto wa jicho huona vyeupe vikiwa kama karatasi iliyokaa juani, na Kamilisha hakulifikiria hilo.

"Njano," Fundi alisema. Kisha akamgeukia yule mzee wa nyuma, na sauti yake ilikuwa na fahari ya wazi. "Huyu ni mume wangu. Hata mimi hanipendelei."

Akaondoka na kadi yake kwenda kwa keshia, kichwa juu, mkoba wenye akiba ya miaka mitano ukiwa kwapani. Yule mzee alishafika dirishani. Alisalimia. Aliuliza watoto hawajambo. Alifungua mfuko wake wa nailoni na kutoa cheti cha nchi nyingine, hakikukunjwa hata pembe, akakiweka kwenye kioo na kusema asante. Alikuwa na uvimbe shingoni wa kupasuliwa. Kamilisha alimtazama, akatazama rundo la kadi za njano, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa ya bei mbili akaona haya kulinyooshea mkono.

Kabla hajalifikia, mkewe alikuwa amerudi. Ngumi yake ilikuwa imeshika noti, nyingi mno kuwa chenji.

"Keshia anasema nimezidisha," alisema. "Karani, hii kadi ni rangi gani?"

"Mke wangu, nenda ukalipe. Watu wanangoja."

"Hata mimi nimengoja. Ni rangi gani?"

"Nyeupe."

Foleni ilisogea karibu. Hata karani wa dirisha la nne alitokea na kikombe chake. Fundi aliiweka kadi kwenye kioo, akaisukuma kurudi ndani kwa vidole viwili, na pengine hakujua kwamba anamwigiza.

"Niulize kama unavyowauliza wenzangu," alisema.

Wenzake walikuwa nani, Kamilisha alielewa. Mmoja wao alikuwa ameshika mfuko wa nailoni, amesogea pembeni kwa heshima ili mama amalize. Kumpa mkewe nyeupe mbele ya mzee yule na kumpa mzee njano kulihitaji uso mgumu kuliko aliokuwa nao. Akakohoa. Akauliza kwa sauti ya kazini, lakini ilitoka nusu.

"Mwenyeji au mgeni?"

"Miaka thelathini na mmoja ninaamka kabla yako kulipiga pasi hilo shati," Fundi alisema. "Mimi sijui jibu. Wewe ndiye unayejua kuandika. Andika."

Kamilisha alivuta kadi ya njano. Aliandika jina la mkewe, alilolijua kuliko lake. Aliandika umri, mtaa, na nambari ya nyumba ambayo walijenga wote wawili tofali kwa tofali. Alipofika kwenye neno la mwisho, mgeni, herufi ya g ikashuka mpaka mstari wa chini. Bibi mmoja kwenye benchi, ambaye alikuwa amelifuatilia jambo lile kama mechi, aliuliza kwa sauti huyu mama ni mgeni wa wapi, mgeni gani anagomba namna hii? Watu wakacheka, na Fundi mwenyewe akacheka. Kamilisha hakucheka. Alimpa kadi, mkewe akasema asante, na asante ile ilimuuma kuliko matusi yote aliyowahi kupokea pale dirishani.

Alilipa yote. Cherehani ya umeme ikabaki kuwa picha kwenye kalenda ya duka.

Upasuaji ulichukua muda mfupi kuliko foleni. Kwa bei yake Fundi alilazwa usiku mmoja kwenye chumba cha wageni, chenye vitanda viwili na pazia katikati, na akasema kama angejua mapema kwamba ugeni una pazia angeudai zamani. Bandeji ilipofunguliwa asubuhi, Kamilisha alikuwa amesimama mbele ya kitanda, ameomba ruhusa ya saa moja kwa maandishi. Fundi alipepesa jicho. Akatazama ukuta, akatazama dirisha, akamtazama mumewe kwa muda mrefu.

"Kumbe umezeeka hivi," alisema. "Na shati umepiga pasi mwenyewe. Linaonekana."

Kamilisha alilia. Alisema ni dawa ya kusafishia sakafu, inawasha, lakini hakuna aliyemwamini, na nesi aliyekuwa pale alitoka nje kwa adabu.

Nyumbani Fundi aliketi kwenye kiti cha mumewe na hakuinuka. Alimkumbusha methali ambayo yeye Kamilisha huipenda sana, kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Akasema tatizo ni kwamba yeye alipewa jembe siku ileile aliyofika, na zile siku mbili hakuziona. Sasa ameulipia ugeni wake kwa fedha taslimu na risiti anayo. Kwa hiyo Kamilisha alichukua likizo ya siku mbili. Alipika wali ukaungua chini na kubaki mbichi juu, jambo ambalo wataalamu wanasema haliwezekani. Aliosha vyombo kwa mpangilio wa ukubwa. Alimletea mgeni wake maji ya kunawa na kumuuliza kama amelala salama, na mgeni akajibu kwamba kitanda ni kizuri ila mwenye nyumba anakoroma. Binti yao alipopita jioni na kuwakuta hivyo, alikaa jikoni kwanza mpaka kicheko kimwishe.

Siku ya tatu Kamilisha aliamka akitarajia chai. Hakukuwa na chai. Mkewe alikuwa mezani na faili la uraia limefunguliwa mbele yake, analisoma kwa jicho jipya, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari. Alikuwa amelitafuta ili wawapelekee uhamiaji nambari ya ombi, waulize limefika wapi. Hakukuwa na nambari. Kulikuwa na fomu saba, safi, na pembeni mwa kila moja maneno mekundu madogo. Sikio la kushoto halionekani. Tarehe imekwaruzwa. Saini ya shahidi imepita mstari. Hairuhusiwi kuwasilishwa.

Alianza kwa kucheka, na lile la sikio alilisoma mara mbili. Halafu kicheko kikaisha.

"Huu mwandiko naujua," alisema.

Kamilisha alisema alitaka liwe kamili, wasipate sababu ya kulikataa. Alisema anawajua makarani walivyo.

"Miaka yote hii nilidhani ni wao wasionitaka," Fundi alisema. "Kila nikienda kuongeza kibali nilikuwa nawatazama usoni, najiuliza ni yupi kati yao aliyenikataa. Kumbe nilikuwa nalala naye."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali, Kamilisha angekuwa na la kujibu. Alisimama pale na sufuria mkononi, na kila alichokuwa nacho cha kusema kilikuwa na sharti au kifungu ndani yake, akakiacha. Alimwomba msamaha, kwa mdomo. Mkewe alifunga faili. Akamwambia jicho la kulia limeshalipa kama mgeni na yamekwisha. La kushoto lina miezi mitano na siku ishirini, na litalipa bei gani, hiyo ni kazi yake.

Siku hiyohiyo walikwenda kupiga picha. Jicho lilikuwa bado jekundu na mkewe alilikunja kidogo kwa mwanga wa mpiga picha, akaonekana kama anayemkonyeza ofisa wa uhamiaji. Masikio yalikuwepo yote. Kamilisha alizishika picha zile nje ya duka, akazitazama, na kila mshipa mwilini mwake ulitaka kusema tungoje wiki mbili jicho litulie. Mkewe alikuwa anamtazama. Akaziweka kwenye bahasha.

Ofisi ya uhamiaji ilikuwa na dirisha moja, na Kamilisha alisimama upande wa nje wa kioo kwa saa mbili na nusu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa kijana. Fundi alikaa kwenye benchi nyuma yake. Karani alikuwa msichana wa umri wa binti yao, kalamu moja tu, tena ya kuazima kwa jirani. Aliipindua fomu, picha hakuitazama hata kidogo, akahesabu viambatisho kwa kuvigusa. Akauliza ombi ni la nani, akaambiwa ni la mkewe yule pale. Akauliza aliingia nchini lini, akaambiwa. Hapo ndipo msichana alipoinua kichwa.

"Miaka thelathini na mmoja? Na siku zote hizo mlikuwa mnangoja nini?"

Kamilisha alikuwa na majibu. Alikuwa na la wino, la barua ya mtaa, la tarehe iliyokwaruzwa, yote ya kweli na yote yana ushahidi kwenye faili. Akageuka akamwona mkewe kwenye benchi, amelifunika jicho la kushoto kwa kiganja, anamtazama kwa lile alilolilipia.

"Mimi," alisema. "Alikuwa ananingoja mimi."

Msichana alitafuta kwenye fomu mahali pa kuliandika hilo, hakupaona. Akapokea ombi, akamkatia risiti, akasema warudi baada ya miezi mitano.